Je, wajua kwa nini riwaya za kihistoria hupenda kumtanguliza mtoto?

Ukishika riwaya ya kihistoria, iwe ya wakubwa au ya vijana, mara nyingi anayekutembeza humo ndani ni mtoto au kijana ambaye hayupo popote kwenye vitabu vya historia, sio gavana wala sultani. Kwa nini?

Kwanza mtoto hajui kinachoendelea na wewe msomaji pia hujui, basi mnagundua pamoja. Chukua Peponi ya Abdulrazak Gurnah, imetoka kwa Kiingereza 1994 na Kiswahili chake, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, tumekipata 2022. Yusuf ana miaka 12, anapandishwa treni na tajiri Aziz ambaye yeye anamjua kama ndugu wa nyumbani, maana kila akija kwao humpa sarafu ya anna kumi, mtoto anafurahi. Kufika dukani ndo Khalil anamwambia kwamba yule si ndugu yake hata kidogo, baba yako anadaiwa na wewe umewekwa rehani. Yaani neno rehani, ambalo darasani ungelipita tu kwenye mada ya biashara ya misafara, hapo linakuingia mwilini, unarudi kuiwaza ile sarafu.

Pili ni suala la nyaraka. Gavana au sultani tarehe zake zinajulikana, huwezi kumhamisha atakavyo mwandishi, ila mtoto wa kubuni unampeleka popote ilimradi treni, pesa na nguo ziwe za wakati ule kweli. Maofisa wa Kijerumani, watawala wa enzi hizo za Yusuf, waliandika sana kuhusu kodi na mashamba, nani aliandika kuhusu mtoto anayelala barazani?

Na wapo watoto wa kweli kabisa. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam 1904, vita ya 1914 imemkuta na miaka 10 akaingia jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake aliyekuwa askari. 1929 akaenda Berlin kudai mishahara yao, akanyimwa, akabaki hukohuko akifundisha Kiswahili na kuigiza kwenye filamu, mpaka akafia Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi, 1944. Mimi natamani sana riwaya ya vijana ya Kiswahili juu ya huyu mtoto, kwa sababu karatasi zinaonyesha mishahara aliyokuwa anadai, hazionyeshi baba yake alimwambia nini asubuhi ile wanaondoka nyumbani kwenda vitani.