Je, wajua kwa nini kayaki inayoelekea kisiwani huwa haiendi kisiwani?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba ukielekeza omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, kisiwani na kupiga kafi bila kuyumba, utafika kwa njia iliyonyooka. Nilinunua hata dira. Dira haikuwa na kosa: ilionyesha omo inatazama wapi. Chombo kizima kinakwenda wapi, hilo ni jambo jingine, na dira haina namna ya kulijua.

Mfikirie sisimizi anayevuka mkeka huku mtu akiuburuta upande. Juu ya mkeka amenyoosha kweli, ila sakafuni ameacha mshazari. Mkondo wa bahari ndio huo mkeka. Huusikii, kwa kuwa mapovu, mwani na kayaki yenyewe vinachukuliwa pamoja.

Tuseme kisiwa kiko kilomita 4 mbele, mkondo unakata njia yako kwa kilomita 4 kwa saa, nawe unapiga kafi kwa kilomita 6. Ukikikazia macho na kurudisha omo kila unaposukumwa, njia itapinda kama upinde na mwishoni utakuwa unapanda mkondo: dakika 72. Ukiikingamiza omo nyuzi 42 dhidi ya mkondo tangu mwanzo, utakwenda upande kama kaa kwa dakika 54. Unatazama pembeni, na hiyo ndiyo njia iliyonyooka! (Hesabu hii ni ya mkondo usiobadilika. Wa kweli hukaza penye mlango mwembamba na hulegea nyuma ya mwamba.)

Nyuzi huzikisii. Tafuta vitu viwili visivyosogea, kimoja nyuma ya kingine, kama mwamba na kilele cha kilima. Cha nyuma kikichomoza kulia kwa cha mbele, umesukumwa kulia. Rudi kushoto hadi vilingane. Cha nyuma kiwe kirefu: jicho likiwa mita 1 juu ya maji, upeo ni kama kilomita 3.6 tu, na kwenye kayaki aghalabu liko chini zaidi.

Upepo nao husukuma. Siku ya jua kali, nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, hewa yake hupanda, na mchana upepo huvuma kutoka baharini. Upepo huo ukikutana na mkondo unaokwenda kinyume chake, mawimbi husimama wima na kukaribiana.

Alama zikiwa zimelingana, soma dira. Ukungu ukishuka, namba hiyo ndiyo utakayoifuata, mradi mkondo na upepo havijageuka.