Stesheni ya Bububu, na jina ambalo treni haikulileta

Asubuhi nimepanda daladala ya 502 nikashuka Bububu, kaskazini ya mji wa Zanzibar, mwisho wa reli isiyokuwapo tena. Kila nikija na mgeni, kuna atakayemwambia kwamba kijiji kimepewa jina kwa mlio wa gari la moshi: bu-bu-bu. Hadithi tamu, ila miaka inaikana. Gari la moshi lilianza 1905. Bi Salme, binti wa Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, alishaitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizotoka 1886, akisimulia alivyokaa huko shamba. Kama lazima uwe mlio, mie nitashika ule wa chemchemi, ambayo kaka yake, Sultani Sayyid Barghash, aliivuta kwa mabomba hadi mjini.

Reli hii ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, kutoka Ngome Kongwe ya mjini hadi hapa, maili 7 hivi. Upana wake ulikuwa futi 3, yaani milimita 914, mwembamba kuliko ule wa mita moja wa reli ya kati ya bara. Sisi watu wa reli tunajua faida yake: reli nyembamba hukata kona kali, na bila hilo treni isingepenya vichochoro vya mjini. Serikali iliinunua 1911. Abiria wakakoma 1922, ikabaki kubeba mawe ya kujazia bandari, na mwishoni mwa miaka ya 1920 ikafungwa. Hata hivyo iliishi kuliko ile ya Barghash ya kwenda Chukwani, kusini ya mji, iliyoanza kwa kuvutwa na nyumbu na kufa pamoja na Barghash mwenyewe 1888.

Ukija kuitafuta, usitafute chuma. Chuma ndicho cha kwanza kung'olewa, na mataruma, zile mbao za kulazia reli, huishia mekoni. Kinachobaki ni udongo. Treni haiwezi mlima: panapobonyea pamejazwa tuta, panapoinuka pamekatwa, na kona zake hujipinda polepole, si kama za njia ya ng'ombe. Basi ukirudi mjini kaa dirishani. Kando ya barabara utaona kijituta kilichonyooka kupita kiasi, au kidaraja kisichopitisha gari wala mtu, kimeachwa peke yake na nyasi. Bububu kwenyewe sikuona jukwaa wala kibao. Nilipouliza ilipokuwa stesheni, nikaoneshwa kituo cha daladala.