Daraja la Rizal: meli za doria zilizozaliwa kufagia mabomu

Wanamaji wanaposema "daraja" wanamaanisha kundi la meli zilizojengwa kwa ramani moja. Kwa kawaida kundi hilo huitwa kwa jina la meli yake ya kwanza. Daraja la Rizal la Jeshi la Wanamaji la Ufilipino lilikuwa na meli mbili tu, BRP Rizal na BRP Quezon (BRP ni kifupi cha "Meli ya Jamhuri ya Ufilipino"), na hakuna hata moja iliyojengwa kwa ajili ya doria. Zote zilikuwa meli za Marekani za daraja la Auk, zilizoundwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ili kufagia mabomu ya baharini.

Ukitaka kuzielewa, anza na kazi hiyo. Bomu la baharini la kizamani hufungwa kwa waya kwenye uzito uliotua chini, lenyewe likabaki limejificha chini kidogo ya uso wa maji. Meli ya kufagia hupita ikikokota kebo ndefu yenye vikata-waya. Waya ukinaswa hukatika, bomu huibuka, na mabaharia hulipiga risasi wakiwa mbali. Kwa bomu linaloamshwa na sumaku ya chuma cha meli, huburutwa kebo iliyojaa umeme, ambayo sumaku yake hulilipua bomu meli ikiwa mbali. Ndiyo maana meli hizi zilipewa nguvu nyingi ya kuvuta, jenereta kubwa na nafasi pana nyuma.

Nchi yenye visiwa zaidi ya 7,000 ilizihitaji. Vifaa vya kufagia viliondolewa, zikabaki na mizinga. Zilikuwa na urefu wa mita 67 hivi na kasi ya maili 18 za baharini kwa saa. Kasi hiyo ni ndogo mno kufukuza boti ya magendo, lakini inatosha kabisa kwa meli inayokaa baharini siku nyingi ikionekana.

Quezon ndiyo inayonigusa zaidi. Ilianza kazi Februari 1944 kwa jina la USS Vigilance (USS ni kifupi cha "Meli ya Marekani"). Tarehe 9 Mei 1945, karibu na Okinawa, rubani wa Kijapani aliyejitoa mhanga aliigonga manowari USS England. England ikawaka moto, na Vigilance ikaenda kusaidia kuuzima na kuokoa watu. Mwenzake, USS Murrelet, ilianza kazi Agosti 21 mwaka huo, siku sita baada ya Japani kutangaza kusalimu amri. Murrelet ilikabidhiwa Ufilipino mwaka 1965 na kuwa Rizal. Vigilance ikafuata mwaka 1967.

Rizal ilistaafishwa Januari 2020, Quezon Machi 2021. Quezon ilikuwa na miaka 77 tangu ianze kazi, na mabaharia wake wa mwisho wangeweza kuwa wajukuu au vitukuu wa wale waliouzima moto wa England. Jina la Rizal halikukaa bila meli muda mrefu: Julai 2020 frigeti mpya (manowari ya ukubwa wa kati) iliyojengwa Korea Kusini, BRP Jose Rizal, ilianza kazi.