Amiri Baraka: tunayodhani na yaliyokuwa

Jina la Amiri Baraka halimpi Mswahili taabu yoyote. Ungedhani mwenyewe ni mtu wa Tanga au Lamu. Alikuwa mshairi, mwandishi wa tamthilia na mhakiki mweusi wa Newark, jimbo la New Jersey nchini Marekani, alikozaliwa tarehe 7 Oktoba 1934 na kufa hukohuko tarehe 9 Januari 2014. Katikati hapo aligeuka mara kadhaa, na kila kundi la wasomaji limeng'ang'ania Baraka wake na kuwasahau wengine. Dhana nyingi potofu juu yake zimetokea hapo.

"Jina lake ni la kuzaliwa, na alikuwa imamu wa msikiti"

Wazazi walimwita Everett Leroy Jones. Mwenyewe akaanza kuliandika LeRoi, na vitabu vilivyompatia sifa mwanzoni vilitoka kwa jina hilo. Mwaka 1967 Heshaam Jaaber, shehe aliyeongoza maziko ya Malcolm X, mpigania haki za Wamarekani weusi, alimpa jina la Kiarabu, Ameer Barakat. Kisha, kwa ushawishi wa Maulana Karenga, yule mwanzilishi wa Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, likaswahilishwa na kuongezewa Imamu mbele. Uimamu huo haukuwa wa msikitini. Kilikuwa cheo ndani ya Kawaida, falsafa ya Karenga yenye Nguzo Saba, Umoja ikiwa ya kwanza na Imani ya mwisho. Alikiacha cheo hicho mwaka 1974.

"Alishikilia siasa za rangi hadi kufa"

Hii ndiyo niisikiayo zaidi, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Alipotoka jeshi la anga mwaka 1957, baada ya barua isiyo na jina kumshtaki kuwa mkomunisti, alikwenda kuishi Greenwich Village, New York. Huko alimwoa Hettie Cohen, mwanamke wa Kiyahudi, na wakachapisha pamoja jarida la Yugen, wakiwatoa akina Allen Ginsberg na washairi wengine weupe wa kizazi chao. Malcolm X alipouawa Februari 1965, aliacha ndoa na mtaa, akahamia Harlem na kufungua shule na jumba la maonyesho la sanaa ya watu weusi. Halikutimiza mwaka. Akarudi kwao Newark.

Kipindi cha Newark ndicho watu wanachokigandisha. Kweli, alikuwa mstari wa mbele kumpigania Kenneth Gibson, aliyechaguliwa 1970 kuwa meya wa kwanza mweusi wa mji huo. Lakini meya akishakaa kitini, maskini waliomchagua walibaki palepale, na jambo hilo lilimtafuna Baraka. Kufikia 1974 alikuwa amejitangaza mfuasi wa Marx. Juni mwaka huohuo alikuwa Dar es Salaam kwenye Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika, ambako wajumbe walivutana vikali: wengine wakitanguliza rangi, wengine wakitanguliza tabaka. Yeye tayari alikuwa upande wa tabaka, na hakurudi nyuma tena.

"Alihukumiwa kwa sababu ya bastola"

Mashtaka ndivyo yalivyosema. Julai 1967 Newark ilipolipuka kwa ghasia na watu 26 wakafa, polisi walimkamata, wakampiga hadi kumpasua kichwa, wakadai wamemkuta na bastola mbili. Baraza la wazee wa mahakama lilikuwa la weupe watupu. Siku ya hukumu, jaji Leon Kapp alitoa shairi la Baraka lililochapwa katika jarida la Evergreen Review na kulisoma kwa sauti mahakamani, kila akifika kwenye tusi akiliruka na kusema "nafasi wazi". Kisha akampa miaka miwili na nusu hadi mitatu, na faini ya dola 1,000. Rufaa ikaitengua hukumu. Shairi lenyewe lilikuwa limetoka miezi kadhaa baada ya ghasia, kwa hiyo hata kwa uchochezi lisingefaa kuwa ushahidi.

"Ni mshairi wa hasira, uhakiki ni ziada tu"

Tamthilia yake Dutchman ilipata tuzo ya Obie, ya maonyesho ya New York, mwaka 1964, na mashairi yake makali yananukuliwa kila mahali. Kwangu mimi, kazi yake kubwa ni kitabu cha 1963, Blues People, alichokiandika hajafika miaka 30 wala hana shahada. Chuo cha Howard alikiacha njiani, ingawa ndiko mshairi Sterling Brown alikomfundisha kuusoma muziki wa weusi kama historia.

Hoja yake ni hii. Mtumwa shambani aliimba na wenzake, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, kama walivyozoea Afrika Magharibi. Utumwa ulipofutwa 1865, kila mtu akabaki na shida zake: kutafuta kibarua, kuhama mji hadi mji, kuachwa na mpenzi. Ndipo akaweza kusimama mtu mmoja na gitaa, akaimba habari zake mwenyewe. Bluzi, basi, ni wimbo wa mtu aliyeachiwa huru bila kupewa uraia kamili. Ukisikia muziki umebadilika, tafuta nini kimebadilika katika maisha ya waimbaji. Ralph Ellison, mwandishi mweusi wa riwaya, alikishambulia kitabu hicho, akisema sosholojia imeulemea muziki. Kwa kiasi fulani Ellison ana haki. Kuna kurasa ambamo gitaa halisikiki kabisa.

"Alifukuzwa ushairi rasmi kwa kusema ukweli"

Dhana hii, juu ya cheo chake cha mshairi rasmi wa jimbo la New Jersey, ina makosa mawili. Shairi lake juu ya mashambulizi ya Septemba 11, alilolisoma kwenye tamasha mwaka 2002, lilirudia uvumi kwamba Waisraeli 4,000 waliambiwa wasiende kazini siku ile. Ni uongo, na Waisraeli walikuwa miongoni mwa waliokufa. Wanaomtetea hupenda kuuruka mstari huo.

Wala hakufukuzwa. Gavana wa jimbo, Jim McGreevey, alimtaka ajiuzulu, akakataa, na sheria haikumpa gavana uwezo wa kumwondoa. Mwaka 2003 bunge la jimbo likafuta cheo chenyewe. Baraka alikuwa mshairi rasmi wa pili wa New Jersey, na wa mwisho kwa sheria ile.