Jeli haiongezi rangi

“Ongeza nguvu ya flashi, rangi ikolee.” Ushauri huu hutolewa studioni, kwa mpiga picha aliyefunga jeli kwenye flashi, kwa kujiamini kabisa, na mara nyingi unaofuata ndio weupe: ukuta uliotakiwa uwe buluu nzito unatoka kama shati lililofuliwa mara nyingi.

Jeli ni karatasi angavu ya plastiki yenye rangi, inayowekwa mbele ya taa. Zamani ilikuwa jelatini hasa, ndiko jina lilikotoka. Ilikuwa ikilainika kwa unyevu na kukatika kwa joto, na leo nafasi yake imechukuliwa na poliesta na polikaboneti. Basi, maana ni hiyo.

Linaloudhi ni dhana kwamba jeli inaupaka mwanga rangi. Haipaki kitu. Flashi ya studio hutoa mwanga mweupe, wa kelvini 5500 hivi (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), na ndani ya weupe huo rangi zote zimo tayari. Jeli nyekundu huipisha nyekundu, nyingine huzizuia, nazo huishia kuwa joto ndani ya plastiki. Nyekundu unayoiona ukutani ilikuwamo tangu flashi ilipowaka. Wenzake ndio walioondolewa.

Anayebisha achukue flashi mbili, moja aivalishe jeli nyekundu, nyingine ya kijani, azielekeze kwenye ukuta mweupe. Zinapokutana atapata njano. Kisha azitoe jeli hizohizo na kuzipachika pamoja kwenye flashi moja. Hapo ukuta utabaki karibu giza, kwa sababu kilichopishwa na ya kwanza kimezuiwa na ya pili.

Kuzuia huko kuna gharama. Jeli ya machungwa ya kusahihisha mwanga, CTO kamili, hula karibu stopu moja, na kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu. CTB kamili, ya buluu, hula kama stopu moja na nusu. Congo Blue, jeli ya buluu nzito ya kampuni ya Lee, namba 181, haipitishi hata asilimia 2 ya mwanga, yaani zaidi ya stopu tano zimekwenda. Nadhani ushauri ule mbaya ulizaliwa hapa: mtu alifunga jeli nzito, picha ikatoka giza, akapandisha nguvu, rangi ikatokea. Alikuwa sahihi mpaka hapo. Alichokuwa anafanya ni kufidia mwanga ulioliwa, na ukishafidiwa, kila unachozidisha kinaharibu. Hakuna jeli inayozuia kikamilifu. Rangi nyingine huvuja kidogo. Kamera hurekodi nyekundu, kijani na buluu kila moja katika chaneli yake; chaneli ya buluu ikishajaa haiwezi kupanda tena, lakini nyekundu na kijani zinazovuja zinaendelea kupanda nyuma yake, na buluu inaelekea kwenye weupe.

Adui wa pili ni mwanga mweupe wa taa kuu, ile inayommulika mtu anayepigwa picha. Mwavuli wa studio, kwa mfano, hutawanya mwanga chumba kizima, ukiwamo ukuta uliojitahidi kuupa rangi. Softboksi, yaani kisanduku cha kitambaa kinachofungwa mbele ya taa, ikiwa na gridi ya vijumba vya kuzuia mwanga usitawanyike, huuelekeza kwa mtu, na ukimsogeza mtu mbali na ukuta unasaidika zaidi. Ukuta wa kijivu nao hushika rangi vizuri kuliko mweupe, kwa kuwa haurudishi sana huo mwanga uliopotea njia. Wengi hawaamini mpaka wajaribu.

Na tusichanganye kazi. Softboksi hubadilisha ukubwa wa chanzo cha mwanga, ndiyo maana vivuli vinalainika. Jeli hubadilisha kilichomo ndani ya mwanga wenyewe. Vikitumika pamoja, jeli hukaa mdomoni mwa flashi na softboksi hufungwa juu yake, hakuna haja ya kufunika uso wote wa softboksi. Ila zima ile balbu ya halojeni ya kuonyeshea mwanga utakavyoanguka, maana plastiki ikiwa karibu nayo hujikunja na kuungua. Karatasi angavu za kufungia zawadi, ambazo wengine huzitumia badala ya jeli, ndizo hufa kwanza.

Kwa hiyo si lazima uutupe ushauri wa “ongeza nguvu”. Upe mpaka tu: ongeza hadi jeli irudishiwe ilichokula. Ukutani, ikiwa unataka rangi nzito, shuka nusu stopu chini ya hapo, kisha utazame histogramu (ile grafu ya mwanga kwenye kamera) ya chaneli ya rangi hiyo peke yake, kwa sababu ile ya jumla inaweza kukuonyesha kila kitu kiko salama wakati buluu imeshagonga mwisho.