Kimo cha tuta la mrushaji hupimwa kutoka wapi?

Katika besiboli, tuta la mrushaji ni mwinuko wa udongo ulio katikati ya kiwanja, ambapo mrushaji husimama mguu ukigusa kibao cheupe cha raba na kumrushia mpigaji mpira. Maana hiyo haina utata. Utata uko kwenye kimo. Wanaotunza viwanja vya watoto husema mara kwa mara kwamba tuta lao ni la inchi 6, na ukiwauliza wamepimaje, wanakuonyesha rula iliyosimamishwa kwenye majani kando ya tuta.

Majani hayahusiki. Kimo ni tofauti ya usawa kati ya kibao cha mrushaji na bamba la nyumbani, lile ambalo mpigaji husimama kando yake. Katika kiwanja cha Little League, shirika la besiboli ya watoto, cha watoto wa hadi miaka 12, vitu hivyo viwili hutenganishwa na futi 46, na ardhi iliyo kati yao ni nadra kuwa sawasawa kabisa: ikiwa majani yanayozunguka tuta yako inchi 2 juu ya bamba, tuta linaloitwa la inchi 6 ni la inchi 8, na mtoto anayepiga ndiye anayeumia. Anayeziona inchi hizo kuwa ndogo akumbuke kwamba hadi mwaka 1968 tuta la ligi kuu ya Marekani lilikuwa la inchi 15. Msimu huo warushaji waliwatawala wapigaji kupita kiasi, mrushaji Bob Gibson wa timu ya St. Louis akamaliza akiwa ameruhusu wastani wa pointi 1.12 tu kwa kila mchezo mzima, na kuanzia 1969 kimo kikashushwa hadi inchi 10, ambacho kinatumika mpaka leo.

Kutokana na hilo, kumwaga udongo juu ya tuta hakulipandishi, kwa kuwa kibao kimebaki palepale. Kinachobadilika ni mteremko. Mguu wa mrushaji unapotua mbele ya kibao huchimba shimo, na udongo mkavu uliotupwa humo hutimka kwa mirusho michache tu. Shimo hufagiliwa mpaka udongo uliolegea uishe, hukwaruzwa, hunyunyiziwa maji kidogo, kisha hujazwa udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kwa tabaka nyembamba, kila tabaka ikishindiliwa kabla ya nyingine, na mwishoni hufunikwa turubai ili usikauke na kupasuka.

Kwa hiyo, kabla ya kutaja inchi, funga kamba ya mwashi kwenye kigingi kando ya bamba, ivute hadi juu ya kibao, isawazishe kwa pima maji, kisha pima kushuka kutoka kwenye kamba pande zote mbili na utoe kipimo cha kwenye kibao katika kile cha kwenye bamba. Tofauti hiyo ndiyo inayostahili kuitwa kimo.