Karo la jiwe zima na maji yetu ya Mombasa

Wateja wengi huingia karakanani wakiwa wameshachagua rangi. Wameiona picha kwenye simu, beseni jeupe pepe limekaa juu ya ubao, na wanachotaka kujua ni bei tu. Mimi huanza na maswali mengine: hilo beseni litaoshewa nini, maji yake yanatoka wapi, na litakaa chini au ghorofani? Beseni la jiwe zima, yaani karo au sinki lililochongwa kutoka bonge moja bila kiungo, laweza kuishi kuliko nyumba yenyewe. Laweza pia kuharibika kabla mwaka haujaisha, hata likichongwa na fundi hodari, kama jiwe halikuchaguliwa kwa kazi yake. Na hapa kwetu maji ndiyo yanayoamua.

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya matumbawe. Maji ya visima vyetu yana chumvichumvi, na kwa kuwa yamepita kwenye jiwe la chokaa, yamebeba chokaa pia. Maji ya mfereji, yale yanayotoka Mzima na Baricho, hayana chumvi hiyo, lakini nani hapa anapata maji ya mfereji siku zote? Yakikatika tunarudi kisimani. Basi karo la Mombasa lazima lihimili maji ya aina zote mbili.

Chumvi huingia ndani ya jiwe lenye vitundu pamoja na maji. Maji yakikauka, chumvi hubaki, hujijenga vipunje, na vile vipunje husukuma jiwe kwa ndani mpaka uso wake uanze kumenyeka na kutoka unga. Ukitaka kuliona hilo, tazama kuta za zamani Mji wa Kale, pale chini karibu na ardhi. Chokaa yenyewe haidhuru jiwe. Madhara yake ni kwamba huacha ukungu mweupe shingoni mwa mfereji na kwenye tundu la kutolea maji, halafu mwenye nyumba akichoka kusugua hununua dawa kali ya choo, akaimwaga. Dawa hiyo ni asidi, na asidi ndiyo iliyonirudishia mabeseni mengi ya marumaru kuliko nyundo au sufuria iliyoanguka.

Wazee wetu waliyajua mawe vizuri. Ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ni ya matumbawe na imesimama juu ya mwamba wa matumbawe. Kule Kizimkazi, Unguja, kuna mihrabu yenye maandishi ya mwaka 1107 yaliyochongwa kwenye tumbawe. Tumbawe laini likitolewa baharini lingali bichi huchongeka kwa urahisi, likikaa hewani hukaza. Lakini angalia walichofanya kwenye mabirika ya msikitini na ya vyoo vya nyumba za mawe: walijenga kwa matumbawe, kisha wakapiga lipu ya chokaa laini, wakaisugua mpaka ikafumba. Tumbawe tupu hawakulipa kazi ya kushika maji. Kwa hiyo mtu akija kutaka beseni la tumbawe tupu kwa kuwa ameliona hotelini, namwambia hapana. Nitamtengenezea fremu ya kioo, au vidaka vya ukutani vya kuwekea sabuni na taa, na vitampendeza zaidi. Nalo tumbawe lenyewe liwe la machimbo ya nchi kavu. Yaliyo hai baharini yaachwe yaliko.

Marumaru ndiyo inayonipa maneno mengi. Mama mmoja wa Kizingo alikuja akiitaka ya jikoni.

"Fundi, mimi nataka nyeupe. Nyeusi yaniletea giza."

"Sawa, mama. Jikoni mwako wapika nini sana?"

"Chakula chetu tu. Samaki wa kupaka, viazi karai, achari za watoto."

"Na ukwaju je?"

"Sasa viazi karai vitaliwaje bila ukwaju, mwanangu?"

Nilichukua kipande cha marumaru kilichong'arishwa, nikakata ndimu, nikakamulia tone moja katikati. Ukisogeza jicho karibu utaona vipovu vidogo vidogo pembezoni mwa tone. Tukaongea mambo mengine kama dakika kumi, nikafuta kwa kitambaa, nikakipindisha kile kipande kuelekea mlangoni ili mwanga ukipige kwa upande. Pale tone lilipokuwa pamebaki duara lililofifia, na ukipitisha kidole unahisi pamekwaruza kidogo. Hilo si doa. Doa huweza kutolewa kwa dawa, lakini hapa jiwe lenyewe limeliwa. Marumaru ni chokaa iliyopikwa na joto na mgandamizo wa ardhi, iwe ya Carrara kule Italia, iwe ya Makrana ya India iliyojenga Taj Mahal, iwe ya kwetu Kajiado. Asidi ikiigusa huiyeyusha na kutoa hewa ya kaboni, ndiyo yale mapovu. Hakuna polishi wala dawa ya kuziba vitundu inayozuia hilo, ingawa wauzaji husema ipo. Dawa ya kuziba huzuia mafuta na chai kuzama, basi.

Mama yule alichukua graniti nyeusi jikoni na beseni la marumaru kwa chumba cha wageni, ambako hakuna kinachomwagwa ila maji na sabuni. Ndio mgao ninaoupenda: marumaru mahali pa kunawa, graniti mahali pa kupika.

Graniti haina chokaa ya kuliwa na ndimu. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, chenye ngazi kumi, marumaru ni kama 3, na graniti ni kati ya 6 na 7. Kisu cha jikoni hukaa katikati yao, ndiyo maana hukwaruza marumaru na kisiikwaruze graniti. Nyingi ya ile nyeusi inayoteremka bandarini kutoka India na Zimbabwe si graniti kwa lugha ya wanajiolojia, ni mawe meusi ya mwamba ulioyeyuka ukapoa chini ya ardhi. Kwa karo hiyo si kasoro, maana hunywa maji kidogo kuliko graniti nyingi za rangi ya kijivu. Adui wake ni mmoja: dawa za kutoa kutu zenye asidi ya haidrofloriki. Hiyo hula hata kioo, na graniti haiachi.

Ila chunga nyeusi ya bei rahisi. Kuna mawe ya kijivu yanayopakwa rangi na mafuta yaonekane meusi tititi. Chukua kitambaa cheupe, kitie dawa ya kutoa rangi ya kucha, usugue pembeni. Kitambaa kikitoka cheusi, hiyo ni rangi ya duka, na itaondoka kidogo kidogo na maji ya sabuni.

Jiwe la sabuni la Tabaka, Kisii, nalipenda kwa mkono kuliko yote. Linachongeka kwa patasi na tupa bila kelele. Lakini ni laini mno kwa karo la sufuria. Nalitumia kwa vyano vya sabuni, vikombe vya miswaki na beseni dogo la kunawa mikono, tena nachagua vipande vigumu. Mawe ya Mazeras na Galana ni mazuri sana kwa sakafu na njia za bustani, lakini hupasuka kwa tabaka. Ukichimba beseni ndani yake unachimba kuelekea kwenye nyufa.

Kabla ya kununua bonge hulipigapiga kwa nyundo ndogo pande zote huku nikisikiliza. Zima hulia kama kengele. Lenye ufa wa ndani hutoa sauti butu, hata kama machoni halina kasoro. Kisha nadondosha maji juu ya uso ambao haujapigwa polishi. Yakizama na kuacha alama nyeusi ndani ya dakika chache, jiwe hilo litahitaji kuzibwa kila mara, na mwenye nyumba lazima aambiwe mapema. Bonge lenyewe huwa la kuagiza, maana madukani kumejaa bamba za sentimita 2 na 3. Bamba hizo pia hutengenezwa makaro kwa kuunganisha vipande vitano kwa gundi. Ni mepesi na bei yake ni nafuu, lakini kila kona ni kiungo, na kwa unyevu wa Pwani kiungo hushika ukungu mweusi usiotoka kwa kusugua. Mwenye bajeti ndogo ni heri atie sinki la stili kuliko hilo.

Sasa kazi yenyewe. Bonge la graniti la sentimita 60 kwa 45, unene 15, lina uzito wa karibu kilo 109. Nikiacha kuta na sakafu ya sentimita 3 na nusu, beseni likimalizika linakaribia kilo 50. Yaani zaidi ya nusu ya jiwe uliloligharamia hutoka kama vipande na tope, na hapo ndipo bei ilipo. Bonge hulazwa juu ya matairi makuukuu ili lisipokee pigo kutoka chini. Kwanza natoboa tundu la maji, kwa sababu likishapita huwa najua kina nilichobakisha popote nilipo. Halafu grainda yenye diski ya almasi hukata mifereji iliyo sambamba, kila mmoja kama sentimita moja na nusu kutoka mwenzake, kina sentimita 3. Zinabaki kuta nyembamba zilizosimama wima kama mkate wa boflo uliokatwa vipande. Tindo ikiingia kwenye mfereji na nyundo ikagonga kidogo kwa upande, kila ukuta hukatika shinani kwa mlio mmoja mkavu. Unafagia, unakata tena, unashuka. Milimita 5 za mwisho sizigusi kwa tindo kabisa. Tindo huacha vidonda vidogo chini ya uso, vyeupe, visivyofutika hata upige polishi mpaka kesho. Hapo nashuka kwa kusaga tu.

Kona za ndani lazima ziwe za mviringo, hata kama mteja ameleta picha ya kona kali za pembe mraba. Jiwe hubeba mzigo mkubwa likikandamizwa, lakini ni dhaifu likivutwa, na nguvu zote za kuvuta hukusanyika kwenye kona kali. Mimina maji ya kuchemsha ya wali kwenye karo lenye kona kali, na ufa utaanzia pale. Sakafu ya beseni huteremka kuelekea tunduni kwa sentimita 2 kwa kila mita. Ikipungua hapo, maji hulala, yakikauka yanaacha chokaa, na mwenye nyumba anarudi kwenye ile dawa ya choo.

Polishi hupanda kwa ngazi za namba za msasa, kutoka ulio mkali hadi ulio laini: 50, 100, 200, 400, 800, 1500, 3000. Usiruke ngazi. Mikwaruzo ya 50 haiondolewi na 400, hufunikwa tu, kisha huonekana siku taa ya bafuni itakapowashwa. Kwa beseni la marumaru hupenda kuishia 400, likabaki la kufifia. Alama za asidi hazitaonekana sana juu yake, na likichoka mwenye nyumba anaweza kulisugua mwenyewe kwa msasa wa maji.

Kazi hizi zote hufanywa kwa maji, bila hiari. Vumbi la graniti lina silika, na chembe zake ndogo zaidi, zile usizoziona, ndizo zinazofika chini kabisa kwenye mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya. Bamba za kwatzi zinazotengenezwa viwandani huweza kuwa na silika zaidi ya asilimia 90, na Australia ilizipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya vijana wa karakana walioharibika mapafu. Nakata na kusaga kwa maji, navaa barakoa ya chujio, na tope nalizoa lingali bichi, kwa sababu likikauka na kufagiwa linakuwa vumbi lile lile. Inaniuma kuona vijana wa mtaani wakikata kavu barabarani, leso imefungwa puani. Leso haizuii chembe zile. Mteja ana nguvu hapa: ukiona fundi anakata kavu, mwambie awashe maji, au peleka kazi yako kwingine.

Hodhi la kuogea la jiwe zima naliulizwa sana na wenye nyumba za Nyali. Hesabu yake ni hii: bonge la sentimita 170 kwa 75 kwa 55 linakaribia kilo 1,900. Likichongwa kwa kuta na sakafu ya sentimita 5 hubaki na kilo 490 hivi. Tia maji lita 250 na mtu mmoja, unafika karibu kilo 810 kwenye eneo la mita za mraba 1.3. Sakafu ya ghorofa ya kuishi huhesabiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo liwe chini, juu ya zege lililokaa ardhini, au mhandisi atie mihimili kabla nyumba haijainuka.

Kufunga: silikoni kwenye ukingo, na vishikio vya stili isiyoshika kutu ya daraja la 316. Chuma cha kawaida kwa hewa hii ya bahari hushika kutu, kutu hufura, na hupasua jiwe kutoka ndani. Marumaru nyeupe ikae kwenye saruji nyeupe, maana ya kijivu hupenya na kuitia madoa kutoka nyuma. Nileteeni mfereji wenyewe na kifaa cha tundu la kutolea maji mnavyovitaka kabla sijaanza kutoboa, msiniletee picha zake. Mifereji mingi ya kuchanganya maji hutaka tundu la milimita 35, lakini si yote, na tundu la jiwe halipunguzwi.

Kwa usafi wa kila siku, sabuni ya maji na kitambaa laini vinatosha. Chokaa kwenye graniti huondoka kwa siki iliyochanganywa na maji, iachwe dakika chache kisha isuuzwe vizuri. Kwenye marumaru siki ni haramu. Kausha beseni kwa kitambaa kila baada ya kutumia, maana chokaa huja na maji yaliyoachwa yakauke. Na kama imeshaganda, ikwangueni taratibu kwa kijiti cha mti au cha plastiki.